Kwa Shangazi Idjwi: Kuku Hakuwa na Kosa



Wiki hii ninawaandikia juu ya safari niliyofanya kwenye kisiwa cha Idjwi, na juu ya kuku wa mama mmoja mjane wa MUSO yetu. Wengi wenu mnamjua huyo kuku mwekundu mwenye shingo tupu. Ndiye tuliyesema ana mkosi. Leo ninataka kumtetea, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mnakumbuka tulivyoanza. Kuku wa huyo mama alianza kulala, na hapakuwa na mayai ya kumwekea. Nikasema: hiyo ni kazi ndogo. Nikaenda dukani, nikanunua mayai 12 makubwa, safi, yenye rangi nzuri. Kuku akayapokea kama yake. Alikaa juu yake siku 21, hakuna kitu. Tukangoja mpaka siku ya 25. Yai moja likapasuka, na harufu ikajaa jikoni. Kuku alikuwa amebaki manyoya na mifupa. Jirani mmoja akasema achinjwe kabla hajaleta hasara nyingine, na mimi nilikubali. Mwenye kuku ndiye aliyekataa. Alisema hana mwingine, na mayai ya huyo mmoja ndiyo yanayonunua madaftari ya mtoto wake.

Jioni nilimpigia shangazi yangu simu kule Idjwi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Na jogoo alikuwa wapi?"

Nilikosa jibu. Mayai mengi ya dukani yanatoka kwa kuku wanaofugwa bila jogoo. Kuku anataga tu, hata asipokutana na dume, lakini yai hilo halina mtoto ndani. Ni chakula, basi. Hata ukiliweka chini ya kuku hodari miezi miwili, litaoza tu. Shangazi akasema: "Mpeni chakula huyo kuku, mwacheni apumzike. Atataga tena, na atalala tena. Siku hiyo uje wewe mwenyewe."

Ikawa hivyo. Baada ya miezi kama miwili hivi kuku akarudi kulala. Alikuwa anavimbisha manyoya, analia "kwo, kwo," na ukimtoa kwenye kiota anarudi. Tukamwekea mayai mawili ya dukani yaliyopigwa alama ya makala, ili asiache kiota wakati ninasafiri. Siku ya posho, asubuhi mapema, nikapanda boti hapa Bukavu.

Ziwa Kivu lilikuwa limetulia. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi, taa zao zimezimwa, mitumbwi yao imefungwa mitatu mitatu. Katika boti tulikuwa na magunia ya unga, sabuni, wamama na watoto, na mbuzi mmoja ambaye hakutaka kukaa. Idjwi ni kisiwa kirefu kati ya Kongo na Rwanda, chenye sheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Shangazi anakaa kusini. Ukishuka unapanda njia ya udongo mwekundu kati ya migomba, kahawa na mananasi, na ukigeuka nyuma unaona maji kila upande. Nilifika jasho likinitoka. Shangazi alinipa maji, kisha bugali na sombe, na hakutaka kusikia habari ya kuku mpaka nimemaliza kula.

Kuku wake wanaolala wako nyuma ya jiko, mahali penye giza kidogo, ambapo mbwa na watoto hawapiti. Kila mmoja ana kitunga chake kipana. Chini ameweka udongo kidogo uliobonyezwa katikati kama bakuli, ili mayai yasikimbilie pembeni. Juu yake kuna majani makavu. Kati ya majani amenyunyiza majivu na kuweka majani makavu ya tumbaku, juu ya chawa na utitiri. "Kuku akiumwa na wadudu usiku," alisema, "ataacha mayai, na wewe utasema ni mama mbaya."

Tulipokuwa tunaongea, kuku mmoja alitoka kwenye kitunga, akakimbia nje. Niliinuka kumrudisha. Shangazi akanishika mkono: "Mwache, mwanangu. Naye ana mwili." Kuku alikunywa, akala mahindi, akajisaidia, akaoga vumbi. Baada ya robo saa hivi akarudi mwenyewe. Alipanga mayai kwa mdomo na kukaa. Anatoka hivyo mara moja kwa siku, na mayai hayaharibiki kwa muda mfupi kama huo. Kazi yetu ni kuweka maji na chakula karibu ili asitembee mbali. Hatuna haja hata ya kuyageuza mayai. Yeye mwenyewe anayageuza mchana na usiku.

Niliuliza kama ninaweza kumpa mayai 18, ili tupate vifaranga vingi. Shangazi alicheka. Kuku wetu wa kienyeji ni mdogo, mayai 10 mpaka 12 yanamtosha. Ukizidisha, yale ya pembeni yanapata baridi. Kesho kuku anayageuza, yale ya pembeni yanaingia katikati, na mengine yanatoka nje kupata baridi kwa zamu yao. Ukitaka 18 unaweza kukosa hata 8. Na huku kwetu usiku una baridi, maana hata maji ya ziwa lenyewe yako karibu metre 1460 juu ya bahari.

Jioni alinichagulia mayai. Alichukua yaliyotagwa ndani ya siku 7 tu, kutoka kwa kuku wanaotembea na jogoo. Aliacha yenye ufa, yenye ganda jembamba, madogo sana na makubwa sana. Hakuyaosha, kwa sababu ganda lina ngozi yake inayozuia uchafu kuingia. Alipanga 12 katika kitunga chenye maganda makavu ya maharagi, ncha nyembamba ikitazama chini.

Tukiwa tumekaa karibu na moto nikamwambia yote, hata habari ya kuchinja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mlitaka kumwua juu ya kosa lisilo lake. Hata sisi wanawake tunafanyiwa hivyo. Nyumba ikikosa mtoto, mke ndiye anayeulizwa. Mume, nani anamwuliza?" Mimi pia nilinyamaza. Nilikumbuka mke wa ndugu yangu, na maneno niliyowahi kusema juu yake.

Kesho yake mchana upepo ulikuwa umeamka, na boti ilirukaruka. Nilishika kitunga magotini kama mtoto mchanga. Mama mmoja pembeni yangu aliuliza nimebeba nini. Nilipomwambia, akanipa kitenge chake nikiweke chini. Yai moja tu ndilo lililopata ufa. Tulifika na 11.

Sikuyaweka chini ya kuku papo hapo. Mayai yaliyotikiswa njiani yanataka kupumzika usiku mmoja, ncha ile ile chini. Nilipiga kila moja alama ya makala, ili tukiona yai lisilo na alama tujue kuku mwingine ametaga humo, tulitoe. Kesho jioni, giza likiingia, tulitoa yale mawili ya dukani na kuingiza 11 polepole. Kuku aliguna tu. Mwenye kuku aliandika tarehe kwenye ukuta.

Usiku wa siku ya 7 tulichukua tochi ya telefone, tukaweka kila yai juu ya mwanga na kulizungushia mkono. Mayai 9 yalionyesha kitu cheusi chenye mishipa mekundu kama miguu ya buibui. Mawili yalikuwa meupe tu, tukayatoa. Yule mama aliangalia lile la kwanza mpaka nikamwambia alirudishe, lisipoe.

Kuanzia siku ya 18 hatukugusa tena. Siku ya 20 tulisikia sauti ndogo ndani ya mayai, na kuku alikuwa anajibu. Siku ya 21, asubuhi, alinipigia simu, lakini hakuweza kusema vizuri. Nilikuta vifaranga 8. Yai la mwisho halikufunguka, na hatukulipasua kwa mkono, kwa sababu kifaranga anayetolewa kwa nguvu anaweza kutoka damu na kufa.

Usishituke kifaranga asipokula siku ya kwanza. Amezaliwa na kiini cha yai tumboni, kinamtosha siku moja, hata mbili. Mwachie mama yake amkaushe. Baadaye mpe maji katika kisahani chenye vijiwe, asizame, na mahindi yaliyosagwa vizuri pamoja na mchwa ukiupata. Sisi tulipoteza mmoja siku ya nne: mvua ilimkuta nje. Siku hizi, mawingu yakikusanyika, mama na watoto wake wanaingia ndani. Na mumwulize veterineri mapema juu ya chanjo ya Newcastle, kwa maana ugonjwa huo ukipita unafagia kuku wa avenue nzima.

Leo vifaranga 7 wanatembea nyuma ya kuku yule tuliyetaka kumla. Mwenye kuku amesema mitetea wawili wa kwanza atawapa wanachama wawili wasio na kuku, na kila mmoja atampa mwingine akipata watoto. Mimi nimelipa deni langu: nimetoa pesa ya kununua jogoo, atakaa katika parsele yake.

Mke wa ndugu yangu pia nilikwenda kumwona. Sikuwa na maneno mengi. Nilimpelekea nanasi la Idjwi, nikamwomba msamaha, akanipikia chai.

Mama yeyote mwenye kuku anayeanza kulala aseme katika mkutano wa siku ya posho. Tutamtafutia mayai yenye uhai. Asikimbilie dukani kama mimi.