Barabara Isiyo na Jina la Mtu

Miaka yote niliyoshika chaki nilifundisha watoto kusoma ramani kwa namba mbili: ya mashariki kwanza, kisha ya kaskazini. Pale mistari hiyo miwili inapokutana ndipo mahali penyewe, wala hapana haja ya kubishana. Watoto wa Muleba walilikubali jambo hilo darasani, kisha wakatoka nje na kukuta vilima, migomba na vijia visivyojua kunyooka.

Nilipopelekwa Tanga kwenye semina ya walimu mwaka 1983, niliiona ramani ya darasani imelazwa juu ya ardhi. Kule Ngamiani, kusini mwa njia ya reli, mitaa imepewa hesabu: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, hadi kuvuka ya Ishirini. Nilikuwa natafuta nyumba katika Barabara ya 14. Nilipoambiwa kuwa nimesimama katika ya 9, sikuhitaji kumwuliza mtu tena. Nilijua zimebaki tano, na kama ningepitiliza ningejua pia. Jina haliwezi kufanya kazi hiyo. Pale Kariakoo mitaa imenyooka vilevile, lakini mtu akikuambia uko Mtaa wa Kongo, hujajua bado kama Mtaa wa Sikukuu uko mbele yako au nyuma yako. Jina humfaa zaidi mwenyeji aliyekwisha kupajua mahali. Namba humfaa mgeni.

Ndugu msomaji, hesabu ya namna hiyo hupenda nchi tambarare. Ngamiani ni tambarare. Katikati ya mji wa Dodoma, ambako nako watu husema Barabara ya Saba na ya Nane, ni tambarare. Huko Kanada, katika mbuga za Alberta, wamehesabu mashamba yote kwa mtindo huo: barabara za kaskazini kwenda kusini ziko kila maili 1, za mashariki kwenda magharibi kila maili 2, na namba ya barabara humwambia dereva yuko umbali gani kutoka mstari wa kuanzia. Hata hivyo, kila baada ya maili 24 wapimaji walilazimika kuisogeza mistari yao kidogo, kwa sababu dunia ni mviringo na mistari iendayo kaskazini husogeleana. Hata tambarare ile kubwa haikukubali kunyooshwa moja kwa moja.

Itakuwaje basi kwetu Kagera? Bukoba mjini tumepata kipande cha tambarare kati ya ziwa na vilima, na hapo mitaa hukatana vizuri. Ukipanda tu mlima, mambo yamekwisha. Kijiji cha Wahaya kimekaa mgongoni mwa kilima, vibanja vimebanana, nyumba zimejificha ndani ya migomba, na pembeni ni rweya, nyasi tupu. Njia hufuata kibanja cha mtu, huzunguka kaburi, huteremka chemchemini. Ukiuliza, utaelekezwa: panda, pita kwa fulani, ukiona mwembe teremka. Kuuliza si ujinga, lakini usiku wa mvua, mgonjwa akiwa ndani na gari likiwa barabarani, hakuna wa kuulizwa.

Mwanzoni mwa 2022 ilikuja Operesheni ya Anwani za Makazi, ili kila njia ipate jina na kila nyumba namba kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka ule. Kitongojini kwetu tuliitwa mkutanoni. Njia kuu ya mgongo wa kilima watu wamezoea kuitaja kwa jina la mtu mmoja wa zamani. Mzee mmoja akapendekeza jina hilo liandikwe kwenye kibao, nasi tukadhani shauri limekwisha.

Akasimama bibi mmoja aliyevuka miaka themanini. Yule wa zamani alikuwa bwana wa nyarubanja. Baba yake bibi huyu alikuwa mtwarwa wake: alilima kibanja ambacho hakikuhesabiwa kuwa chake, na kila mwaka alipeleka ushuru. Sheria ya 1965 na zilizofuata ziliukomesha utaratibu huo, lakini mtoto aliyebeba mkungu wa ushuru kichwani haondolewi uzito wake na sheria. Bibi akasema, "Mmenitoa katika shamba lake. Leo mnanirudisha katika barabara yake?"

Kimya kikatanda. Mjukuu wa yule bwana alikuwapo, mtu mwema asiyemdai mtu kitu, akainamisha kichwa.

Kijana mmoja niliyemfundisha akasema, "Basi tuiite Barabara ya Kwanza, kama Tanga." Mzee mwingine akamjibu kwamba wanaoitwa kwa namba ni wafungwa. Nikaulizwa mimi. Nilisema kwamba namba haina babu, wala haijawahi kumtoza mtu ushuru, lakini kwa njia zetu zinazojipinda isingemwongoza mgeni; angehesabu ya kwanza asiione ya pili. Tukakubaliana njia ichukue jina la chemchemi inakoishia, kwa kuwa mabwana na watwarwa wote walichota pale. Namba tukaziachia nyumba: witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili.

Nimekuwa nikifikiri tangu siku ile kwamba watu hudhani namba ni kitu baridi, na jina ndilo lenye utu. Inategemea jina ni la nani, na nani analazimika kulitaja kila anapoelekeza mgeni nyumbani kwake. Kwa aliyewahi kumilikiwa, kuhesabiwa sawa na wengine si jambo dogo.

Vibao vilipokwisha kubandikwa, nilipita kwa bibi yule kumsalimu. Alimtuma mjukuu wake asome kilichoandikwa mlangoni.

"Saba," mtoto akasema.

"Na kule kwa bwana?"

"Ishirini na mbili."

Akanipa kahawa ya kutafuna, akacheka taratibu. "Mwalimu," akasema, "kumbe mimi nimetangulia."