Misigiri, Njia Panda ya Wazazi na Watoto

Atokaye Singida kwenda Nzega hufika Misigiri kabla ya kuteremka mlima Sekenke. Hapo ndipo njia ya Kiomboi huachana na barabara kuu. Mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam hupita hapo, nayo yamewachukua vijana wengi wa Iramba. Wazazi wao wamebaki na alizeti na mifugo.

Zamani mtoto aliye mbali alimpa msafiri bahasha ya fedha. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza nchini, fedha hufika kwa simu mara moja. Ni jambo jema. Lakini simu haiteki maji, wala haimwoni mzee aliyeacha kula. Mama akiulizwa husema, “Sijambo, mwanangu,” hata akiwa na homa.

Basi, wewe uliye mbali, patana na jirani mmoja mwaminifu. Amtazame mzazi kila siku, akupe habari za kweli, ampeleke zahanati akiugua. Umpe nauli mapema, na umshukuru. Amri ya Nne yatuhusu hata tulio mbali. Likizo ikifika, shuka Misigiri ukamwone mzazi kwa macho yako.