Tarehe ya Kwanza

Aarhus, 14 Januari
Nimeruhusiwa kuingia kwenye data, ila kwa skrini tu. Mistari yenyewe haitoki kwenye seva ya Ofisi ya Takwimu ya Denmark. Majina hayamo. Namba ya utambulisho ya CPR, ambayo watu hapa wanayo tangu 1968, imefichwa kwa namba nyingine, lakini ndiyo uzi unaoshona hospitali, duka la dawa na cheti cha kifo. Rejesta ya wagonjwa ilianza 1977. Naitafuta MSA, ugonjwa unaoula ubongo na kuwapata watu wanne au watano hivi katika kila laki moja. Kliniki moja huona wachache mno. Kliniki yangu ni nchi nzima.

20 Januari
MSA haina msimbo mmoja wa ugonjwa. Naiokota huku G23.2, kule G90.3. Mistari inafanana hadi inatisha. Kwanza mkojo hauzuiliki, kisha mtu anaanguka, halafu anaandikiwa G20, yaani Parkinson. Kwenye rejesta ya dawa, levodopa, dawa ya Parkinson, inanunuliwa, inaongezwa, inaongezwa tena. Miaka inapita ndipo msimbo unabadilika, na mara nyingi kifo hakiko mbali. Msimamizi wangu anataka tuhesabu miaka ya ugonjwa kuanzia msimbo huo. Nimembishia: hiyo ni siku daktari alipojua. Mwili ulikuwa umeshaanza kuugua zamani.

2 Februari
Nimempigia mama, nikamuuliza habari za baba mdogo. "Mwanangu, aliambiwa Parkinson, vidonge akanywa, havikumsaidia kitu." Faili lake lilipotelea masijala. Nikakumbuka watafiti wa Hai, Kilimanjaro: walipita nyumba kwa nyumba katika watu 161,071, wakapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Wale 33 nawaheshimu kuliko maelfu ya mistari yangu. Walitafutwa kwa miguu.

9 Februari
Mama amelipata daftari la kliniki la marehemu baba mdogo, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Amenitumia picha. Ukurasa wa kwanza una doa la chai, nimeukuza kwa vidole mpaka mwandiko ukasomeka: "Mkojo unamtoka usiku." Miaka minne kabla hajaanza kuanguka. Kama ilikuwa MSA sitajua, maana uhakika kamili hupatikana kwa kuupima ubongo baada ya kifo. Nimemwomba mama alifunge daftari kwenye nailoni, aliweke pamoja na vyeti. Kesho namrudia msimamizi. Tuanze kuhesabu kwenye mkojo.