Tuliiita Dawa

Nilikuwa na miaka saba au minane bibi aliponikalisha kwenye kigoda akanipaka kichwani dawa ya kupigia kahawa. Nilikuwa na chawa. Alichota unga mweupe kidogo kutoka kwenye kopo lililokaa darini pamoja na mbegu za mahindi, akauchanganya na mafuta ya kupikia, akanisugua hadi utosini, kisha akanifunga kitambaa. Chawa walikufa. Harufu ilikaa kwenye mto wangu wiki nzima. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kilichokuwa kwenye lile kopo kiliitwa dawa, na dawa huponya.

Naanza na hilo ili msomaji aelewe kwa nini kitabu kimoja kilitutikisa namna ile mwaka 1997, nikifundisha shule ya msingi huku huku mlimani Kilimanjaro. Mwalimu mmoja mstaafu, akiwa anahama, alituachia kasha la vitabu, na ndani yake kulikuwa na Silent Spring cha Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, kinachoeleza jinsi sumu za kuulia wadudu zinavyoua hadi ndege. Kilitoka mwaka 1962. Nakala yetu ilikuwa imechanika jalada na kubandikwa selotepu. Tulikuwa walimu watatu na muuguzi wa zahanati. Kiingereza chake hakikuwa chepesi, tukakubaliana kila mmoja akae nacho wiki moja, na Jumamosi jioni awasimulie wenzake sura yake kwa Kiswahili barazani kwetu. Mwenye neno aliandike pembeni mwa ukurasa kwa penseli.

Jina la kitabu lenyewe lilitumalizia jioni nzima. Kwa neno Spring Carson anazungumzia yale majira ambayo kwao baridi inaisha, miti inachipua na ndege wanarudi kuimba. Sisi tuna masika, kipupwe, kiangazi na vuli, hakuna hata moja linalolingana na hayo. Mmoja akataka tuseme Masika Kimya, lakini muuguzi akakataa: masika yanaweza kuwa kimya kwa sababu mvua haijanyesha. Mwisho tukaandika kwenye ukurasa wa kwanza Masika Bila Ndege. Asubuhi yake nilisikia shore wakipiga kelele kwenye mgomba nyuma ya jiko, nikatambua kwamba miaka yote nilikuwa nawasikia bila kuwasikiliza.

Watu wakaanza kuja kusikiliza. Aliyekuja mfululizo ni Baba Mdogo, mkulima wa kahawa ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne. Yeye alikuwa na bomba lake la mgongoni, na msimu wa kupiga dawa majirani walimwita kihamba hadi kihamba, yaani kila shamba la nyumbani. Kipimo chake kilikuwa kizibo cha soda. Dhidi ya magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, alipiga mrututu, na dhidi ya wadudu alipiga chochote kilichopatikana dukani. Alipiga kifua wazi, kwa kuwa shati lingeloa.

Zamu yangu ilikuwa habari ya Clear Lake, ziwa la California. Kulikuwa na vijidudu wanaofanana na mbu, wasiouma hata, ila waliwakera waliokuja kuvua na kupumzika. Mwaka 1949 ziwa likatiwa DDD, ndugu wa ile sumu ya wadudu iitwayo DDT, kwa kipimo kidogo mno: sehemu 1 ya sumu kwa sehemu milioni 70 za maji. Wakarudia mwaka 1954 na 1957. Ndege wa kuzamia waitwao kibisi wakaanza kufa. Walipopimwa, mafuta ya miili yao yalikutwa na sehemu 1,600 kwa kila milioni. Sumu ilikuwa imeingia kwenye vijimea vya majini, ikapanda kwa samaki wadogo, kwa samaki wakubwa, ikaishia kwa ndege, na kila ilipopanda ilijikusanya.

"Mwanangu," akasema Baba Mdogo, "hebu rudia hapo. Yale maji yenyewe yalipimwa?"

"Yalipimwa, Baba Mdogo. Muda mfupi tu baada ya ile mara ya mwisho, hawakuikuta tena sumu."

"Na ndege wamejaa?"

"Wamejaa."

Akakaa kimya, kikombe mkononi. Halafu akasema taratibu, "Mimi bomba naoshea kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji."

Mfongo ule unapita nyumba kumi na moja chini ya kwake. Nilizihesabu usiku ule nikiwa kitandani. Tangu wiki iliyofuata Baba Mdogo alichimba shimo mbali na maji, akawa anaoshea bomba huko. Hakumtangazia mtu.

Si wote waliokubali. Muuguzi alikasirika waziwazi. Alikuwa amezika watoto wa malaria, na DDT kwake lilikuwa jina la kitu kilichookoa maisha. Mzee mmoja Mpare, fundi seremala, akamuunga mkono: utotoni aliona vitanda na vyungu vikitolewa uani ili wapulizaji waingie. Ule ulikuwa mradi wa malaria wa Pare na Taveta, uliopulizia kuta za nyumba dieldrin, sumu nyingine ya wadudu, kati ya mwaka 1955 na 1959, na kweli malaria ilipungua sana. Ilibidi turudi kwenye kitabu. Carson hakusema kila kemikali itupwe. Alionya kwamba ikimwagwa ovyo mashambani wadudu wataizoea, na siku ya kuihitaji haitaua kitu. Muuguzi alisoma sura hiyo mara mbili, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: NYUMBANI SAWA, SHAMBANI HAPANA. Mpaka leo naona alilifupisha jambo vizuri kuliko sisi walimu.

Lakini kilichobadilisha mengi zaidi ni neno. Carson alishauri sumu hizi zisiitwe viuadudu, bali viuauhai, kwa kuwa haziwezi kumchagua wa kumuua. Baba Mdogo alilipenda hilo. Akaanza kusema "napiga sumu", na mkewe akaanza kuwaita watoto ndani anapolisikia. Zamani, neno likiwa dawa, walikuwa wanamfuata nyuma.

Nisikipe kitabu sifa isiyo yake. Kahawa ilipigwa kidogo zaidi miaka iliyofuata hasa kwa sababu pembejeo zilipanda bei na kahawa ikashuka, na baadaye vikonyo vya aina mpya zinazostahimili chulebuni vilipotoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, Baba Mdogo akang'oa nusu ya mibuni ya zamani. Carson mwenyewe hakuona matunda ya kazi yake. Alikufa kwa saratani Aprili 1964, na Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972.

Siku hizi sumu imeshuka tambarare, kwenye nyanya. Huko vijana wanapiga kila wiki, wengine wanachanganya aina mbili au tatu kwenye bomba moja, na kupiga hadi karibu kabisa na kuchuma. Mwaka jana nilimpa kitabu kijana mmoja anayelima huko. Amekirudisha na maneno yake pembeni, kwa kalamu ya bluu, jirani na penseli ya muuguzi iliyofifia: ameuliza nyanya zake zinaliwa na nani baada ya siku ngapi.

Wataalamu sasa husema viuatilifu, neno zuri ambalo mtoto wa darasa la pili halielewi. Madukani bado vibao vinasema Dawa za Kilimo. Ndugu zangu wenye maduka ya pembejeo, nawaomba: andikeni Sumu.