Mrembo wa Video, Binti Yake na Swali Lililomtoa Machozi: "Kama Mungu Ndo Baba, Mbona Haji Kikao cha Wazazi?"

Kuna maswali staa akiulizwa na mwandishi wa udaku anasema "sina la kusema" na maisha yanaendelea. Akiulizwa hilo hilo na mtoto wake wa miaka nane, jikoni, sufuria iko motoni, hana pa kukimbilia.

Ndo yaliyomkuta mrembo mmoja wa hapa Dar. Jina lake libaki pembeni, lakini waliokuwa wanafuatilia Bongo Fleva miaka kama kumi iliyopita sura yake wanaijua. Alionekana kwenye video kibao, zile za ufukweni, magari ya kuazima na miwani mikubwa. Siku hizi hayuko huko. Ana saluni yake Tabata, anapamba maharusi, na Jumapili anaimba kwaya.

Baba wa mtoto naye ni mtu wa muziki. Mimba ilipoingia, jamaa akakata mawasiliano. Magazeti ya udaku yaliandika wiki mbili, yakachoka, yakahamia kwa mastaa wengine. Mimba yenyewe haikuhamia popote.

Mtoto alipozaliwa, kwa utaratibu wa usharika wao, mama aliyezaa nje ya ndoa anarudi kwanza kundini mbele ya washarika, ndipo mtoto abatizwe. Akasimama mbele, kitambaa kichwani, mbele ya watu waliozoea kumuona kwenye TV akiwa amevaa vingine kabisa. Wapo waliominya vicheko. Akavumilia. Mtoto akabatizwa, mambo yakapoa.

Yalipoa mpaka darasa la tatu.

Mwalimu alitoa kazi ya nyumbani: chora mti wa familia yako, upande wa baba na upande wa mama. Binti akajaza upande wa mama chapchap. Bibi, babu ambaye ni marehemu, wajomba watatu, mama mdogo. Upande wa pili ukabaki mweupe.

"Mama, huku niweke nani?"

Mama alikuwa na jibu lake la akiba, lile alilolitumia tangu mtoto ana miaka mitatu.

"Baba yako ni Mungu, mwanangu. Andika Mungu."

Mtoto akafikiri kidogo. "Sasa kama Mungu ndo baba, mbona haji kikao cha wazazi?"

Mama akacheka. Halafu akaingia chooni, akafungulia maji, akalia.

Kesho yake hali ikawa mbaya zaidi. Mtoto mmoja darasani alikuwa ameona video ya zamani kwenye simu ya dada yake. Akawasimulia wenzake jinsi mama wa fulani anavyocheza nusu uchi, na kwamba hana baba kwa sababu hiyo. Binti alirudi nyumbani na mti wake umechanwa vipande vinne. Alikuwa ameuchana mwenyewe.

Aliyemfungua macho mama huyu wala hakuwa mchungaji. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, dada mdogo tu anayesoma chuo. Alimsubiri nje baada ya ibada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Samahani, naomba nikwambie kitu. Mtoto hasali tena Baba Yetu. Wenzake wakianza, yeye anafumba mdomo mpaka amina. Nilimuuliza pembeni, akaniambia mababa wote hawaji."

Mababa wote hawaji. Mama alisema baadaye kwamba maneno hayo yalimuuma kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu yake.

Halafu yule dada akasema kitu ambacho wazazi wengi wa siku hizi wanakihitaji. Kumwambia mtoto kuwa ni wa Mungu ni kweli na ni vizuri. Ila ukilitumia hilo ili usimwambie habari za baba yake, unamtwisha Mungu kosa la mtu mwingine. Yule aliyeondoka hana jina wala sura, Mungu naye haonekani, kwa hiyo kichwani mwa mtoto wanakuwa mtu mmoja. Hasira zote zinaenda kwa Mungu.

Nyumbani haikuwa rahisi. Bibi alipinga palepale. "Huyo mwanaume asitajwe ndani ya nyumba hii. Mtoto mdogo, unataka kumtia sumu?" Na bibi alikuwa na hofu yake nyingine, ambayo watu wa Moshi wataielewa. Desemba ilikuwa inakaribia, familia nzima inapanda Machame, na kule mtoto akifika swali la kwanza ni wewe wa ukoo gani. Miaka yote bibi alikuwa analikwepa hilo kwa kubadilisha mada.

Lakini mama alishaamua. Hata sheria ya nchi iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwa na jina, uraia, na kuwajua wazazi wake waliomzaa. Siyo zawadi ambayo mzazi anaitoa akijisikia.

Akachagua Jumamosi jioni, wakati wa kumsuka. Wanaosuka watoto wanajua, pale mtoto amekaa katikati ya magoti, hamtazamani usoni, maneno magumu yanapita kirahisi. Akamwambia jina la baba yake. Kazi yake. Kwamba aliogopa akaondoka kabla hajamuona, kwa hiyo hakumkataa kwa lolote alilofanya. Kwamba yeye mama alikasirika sana, na siku nyingine bado anakasirika. Kwamba hajui kama atakuja, na hawezi kumuahidi.

Halafu akachukua simu, akamuonyesha video mwenyewe. Ile ile. Akamwambia hii ilikuwa kazi ya mama wakati ule, kuna vitu humu mama hajivunii, lakini hakuna mtu atakayekuonyesha kitu cha mama ambacho mama hajakuonyesha.

Binti akaangalia mpaka mwisho. "Mama, kumbe ulikuwa unajua kucheza."

Usiku ule wakafungua Mathayo sura ya kwanza, kama yule mwalimu wa shule ya Jumapili alivyoshauri. Wengi wetu sura ile tunairuka, majina tu, fulani akamzaa fulani. Kumbe ni mti wa familia ya Yesu, na siyo mti uliosafishwa kwa ajili ya picha. Yumo Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake. Yumo Rahabu, aliyejulikana mji mzima kwa kazi yake. Yumo Ruthu, mjane na mgeni kutoka Moabu. Yumo mama wa Sulemani, ambaye Mathayo hata hamtaji kwa jina lake, anamtaja kama mke wa Uria, ili kosa la mfalme Daudi lisisahaulike.

"Bibi, Tamari alifanya nini?" mtoto akauliza.

Bibi akakohoa. "Ukikua utasoma mwenyewe."

Mwisho wa mti wakafika kwa Yusufu. Siye aliyemzaa Yesu, lakini ndiye aliyempa jina, akamlea, na watu wa kijijini wakamjua Yesu kama mtoto wa seremala. Binti akanyamaza, halafu akauliza, "Kwa hiyo hata Yesu kuna watu walikuwa wanamsema?" Mama akamjibu kuwa inawezekana kabisa, maana Yusufu mwenyewe kwanza alitaka kumuacha mama yake kimyakimya.

Hapo bibi aliyekuwa anapinga ndiye aliyeleta karatasi mpya.

Mti wa pili ulikuwa tofauti. Upande wa baba kukawa na jina moja, limeandikwa kwa penseli, dogo. Pembeni yake akamuweka mjomba mkubwa, yule anayelipa ada na kuhudhuria vikao vya wazazi, akaandika "anayenilea". Mama akauliza, na Mungu je? Binti akachukua rangi ya kahawia, akapaka ardhi yote chini ya mti, pande zote mbili, akaandika hapo.

Sasa, asidhani mtu kwamba kila kitu kimekaa sawa. Baba hajapiga simu mpaka leo. Kuna siku binti anarudi shule amenuna. Machame mwezi Desemba aliulizwa lile swali, akajibu, "Baba yangu yupo ila hajanijua, mimi nakaa kwa kina mama." Mashangazi wakatazamana. Bibi hakubadilisha mada safari hii, alisema tu, "Mmemsikia."

Na Baba Yetu? Jumapili mbili za kwanza alibaki kimya. Ya tatu alianzia katikati, pale pa kuomba riziki. Mwalimu wake aliona, hakusema kitu.

Insta imejaa picha za watoto zenye maneno "mtoto wa Mfalme", hasa siku za kuzaliwa. Hakuna ubaya. Lakini mtoto hakai kwenye posti. Anakaa darasani na watoto wenye simu za dada zao, anakaa kwenye familia inayouliza ukoo. Akijua ametoka wapi, hata kama pana aibu, imani inamwambia kuwa anapendwa na hayo yote yakiwemo. Asipojua, imani inabaki pazia, na pazia lazima siku moja mtu atalifungua. Afadhali alifungue mama.

Haya wadau, wazazi na wazazi watarajiwa: mwanao akikuuliza swali lile leo usiku, jibu lako ni lipi?