Kupona kwa Mzizi wa Jino

Jino bovu halichagui usiku wala cheo cha mtu. Aliyekeshwa na maumivu yake huenda kwa tabibu wa meno na ombi moja tu: apate usingizi. Tabibu hutoboa jino, huondoa kiini kilichooza, husafisha mifereji ya mizizi, hutia dawa, kisha huziba tundu kwa muda. Usiku ule mgonjwa hulala. Siku ya miadi ya pili ikifika huona hapana haja ya kurudi, maana jino limenyamaza. Hajui kuwa ukimya wa jino si afya ya jino.

Adui wa mzizi ni vijidudu. Jambo hili lilidhihirishwa Marekani mwaka 1965 na Kakehashi, Stanley na Fitzgerald. Walitoboa magego ya panya mpaka kiini kikawa wazi. Katika panya wa kawaida kiini kilikufa. Katika panya waliolelewa mahali pasipo kijidudu hata kimoja, jeraha lile lile lilijifunika gamba jipya gumu, na kiini kikabaki hai. Basi kila sababu ya kufaulu kwa matibabu ya mzizi hurejea katika maswali mawili: Je, vijidudu vimetolewa? Je, njia yao imefungwa?

Sababu ya kwanza ni hali ya jino siku lilipofikishwa kwa tabibu. Katika nchi ya Sweden, Sjögren na wenzake walichapisha mwaka 1990 habari za wagonjwa waliochunguzwa miaka 8 hadi 10 baada ya kutibiwa. Mizizi ambayo ncha zake hazikuwa na ugonjwa ilifaulu zaidi ya 96 katika kila 100. Ile ambayo kiini chake kilikuwa kimekufa na mfupa kuliwa penye ncha, ilipona 86 katika kila 100. Kuchelewa kuna gharama yake.

Sababu ya pili ni mkono wa tabibu. Hulitenga jino kwa kipande cha mpira ili mate yasiingie, desturi iliyoanzishwa na Barnum wa New York mwaka 1864. Huosha mifereji kwa dawa ya klorini. Hutafuta mfereji uliojificha, kwa kuwa gego la kwanza la juu mara nyingi lina mifereji minne ambapo jicho huona mitatu. Kisha hujaza kila mfereji mpaka karibu na ncha, asipungukiwe zaidi ya milimita 2 wala asipitilize.

Sababu ya tatu imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe. Kizibo cha muda kikikaa mno huvuja, mate hupenya, na adui hurudi katika nyumba iliyokwisha fagiliwa. Gego lililotobolewa limepungukiwa na nguvu. Laweza kupasuka kwa kutafuna mfupa mmoja, na likipasuka mpaka mzizini kwa kawaida hung'olewa. Kwa hiyo kizibo cha kudumu, na kifuniko juu ya gego, ni sehemu ya matibabu wala si pambo. Picha ya eksirei baada ya mwaka ni sehemu yake pia, kwani mfupa hujijenga polepole, pasipo kumwarifu mwenyewe.

Aliyelala salama usiku wa kwanza hana budi kurudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Kwa jino hata ukuta haujengeki, hubaki pengo.