Majuma saba katika kitanda cha juu

Wamama wapendwa, wengi kati yenu wananiuliza juu ya safari yetu ya Kampala, na kila mmoja anauliza kwanza juu ya hospitali. Leo nitaanza na nyumba tuliyolala. Humo tuliishi majuma 7, na humo ulimi wa yaya yangu ulifunguka.

Toka Butembo tulishuka mpaka Kasindi, tukavuka kwenda Mpondwe. Upande wa pili Wakonzo walitusalimu kwa lugha iliyo ndugu ya Kinande chetu, tukajisikia bado nyumbani. Lakini basi ilipopita Kasese na Fort Portal, lugha ilibadilika. Tulifika Kampala usiku, tumechoka, na yaya alikuwa anashika tumbo.

Matibabu yake yalikuwa mionzi mara 25: siku 5 kwa juma, siku ya posho na siku ya Mungu kupumzika. Kabla ya hapo kulikuwa vipimo, na kiisha mionzi kulikuwa matibabu mengine ya ndani. Piga hesabu: ni karibu miezi miwili. Hoteli ingekula feza zote za dawa. Vyumba vya bei ndogo tulivyoviona vilikataza kupika, na yaya hakuweza tena kula chakula cha mafuta mengi cha njiani. Mama mmoja wa kanisa akatuonyesha nyumba ya wageni ya vijana wasafiri, wale wazungu wanaobeba mifuko mikubwa mgongoni. Kitanda kimoja kilikuwa dola 10 kwa usiku. Tulipoomba bei ya juma zima, walipunguza. Na jambo kubwa: kulikuwa jiko la wote.

Chumba chetu kilikuwa cha wanawake, vitanda 6, kimoja juu ya kingine. Yaya alilala chini, mimi juu. Mama wa watoto watano, tena bibi wa mjukuu mmoja, ninapanda ngazi usiku na kikwembe changu kama mtoto anayeiba maembe! Usiku wa kwanza sikulala, niliogopa kuangukia mgonjwa.

Ukutani kulikuwa sheria. Andika jina lako na tarehe juu ya chakula unachoweka katika frigo. Osha sahani yako mbele ya kulala. Taa zinazimwa saa ine ya usiku. Kila mtu alikuwa na sanduku lenye kufuli. Humo tuliweka pasipoti, feza na karatasi za hospitali. Asubuhi niliamka mbele ya wote, nikapika uji, nikachemsha maji ya kunywa, kiisha tukaenda hospitali. Saa saba au saa nane tulirudi, yaya akalala, mimi nikafua. Mlinzi wa usiku alikuwa askari wa zamani, na Kiswahili alikijua toka jeshini. Yeye ndiye alitufundisha bei ya kweli ya pikipiki na ya ndizi sokoni.

Juma la pili nilikaanga makayabo. Wamama, vijana wote walitoka jikoni wameshika pua! Msimamizi akaja, akasema kwa heshima kwamba samaki huyo apikwe nje, kwenye mbabula. Niliona haya, na nilikasirika. Nilijiambia: hata chakula chetu kinafukuzwa.

Lakini mangaribi ile baridi ilikuwa kali, na wasichana wawili Waholanzi walikuja kuota moto wa mbabula yetu. Wakaonja makayabo na bugali. Mmoja alikunja uso, mwingine aliomba tena. Waliungojea mwisho wa juma ili waende Bwindi kuona gorila wa milimani. Ruhusa ni dola 800 kwa mtu mmoja, nao wanakaa na gorila saa moja tu. Tulipowaambia kwamba gorila wa namna hiyo wanaishi pia Virunga, kwetu, hawakutaka tulale, maulizo juu ya maulizo. Toka siku ile mbabula ikawa baraza letu.

Aliyetutafsiria alikuwa binti Mkenya aliyekuja kutafuta kazi. Mangaribi moja alimgeukia yaya: “Mama, kila siku unaenda hospitali. Unaumwa nini?”

Mimi nilifungua mdomo kujibu “tumbo.” Ndivyo tulivyosema nyumbani kwa watu wote, hata kwa watoto wake. Mwaka mzima yaya alikuwa anatoka damu, miaka mingi kiisha hedhi kukoma, na alificha. Alifua nguo zake usiku. Mimi mwenyewe, mdogo wake, nilijua wakati alipoanguka shambani.

Yaya aliweka mkono juu ya goti langu, akasema: “Ni kansere ya mlango wa kizazi.” Kwa mara ya kwanza nilisikia neno hilo kinywani mwake. Hakuna aliyekimbia. Binti akanyamaza kidogo, akasema mama yake mdogo alikufa na ugonjwa huo. Kiisha akamwaga chai, akampa yaya kikombe cha kwanza.

Usiku ule, katika giza, yaya aliniita toka chini: “Mdogo wangu, kama ningesema mwaka uliopita, tungekuwa hapa?” Sikuwa na jibu.

Sasa tuko nyumbani. Yaya anaendelea na kontroli, na tunahesabu kila mwezi kwa shukrani. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika haya. Anaomba mjue mambo mawili. Damu kiisha hedhi kukoma, au kiisha kulala na bwana, si jambo la kungojea. Tena kuna kipimo cha siki, kinachofanywa kwa dakika chache. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuona kidonda kingali kidogo, mbele hakijageuka kansere, nacho kinatibika. Ulizeni kwenye kituo chenu cha afya.

Katika mkutano wetu ujao nitaleta mbabula na makayabo. Yaya atakuwapo. Mwenye neno analolificha, aje akae karibu na moto.